Maji ya Strungi, Maji ya Maziwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajarusha chambo chochote bwawani, Fundi alichota maji kwa glasi. Ilikuwa glasi ya chai, ile fupi nene ya hotelini, na alikuja nayo ndani ya mfuko wa koti akiwa ameifunga kwa kitambaa. Aliinyanyua kwenye mwanga, akaiangalia, kisha akanipa mimi.

"Mama Chepkorir, hii ni strungi ama ni ya maziwa?"

Nami nilimwambia. Kama mvua haijanyesha huko juu Mau, maji ya bwawa letu yalikuwa strungi nyepesi, chai isiyo na maziwa, ya mgonjwa. Mvua ikishika na udongo wa barabara za mashamba ukateremka, yalikuwa chai ya maziwa, tena ile ya nyumba yenye ng'ombe. Katikati kulikuwa na siku za strungi iliyosahauliwa jikoni mpaka ikawa nyekundu. Fundi alisikiliza jibu langu kama mtu anayeletewa habari za mgonjwa wake. Ndipo alipofungua kikebe chake na kuchagua.

Jina lake ninalijua. Mimi najua majina ya watu wote walioishi laini ya chini, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, na watoto wao, na mbwa wao. Najua kwamba mwenye duka aliitwa Nyamweya na mke wake Kemunto, na kwamba dereva wa trekta ya kwanza kubeba majani yetu alikuwa arap Towett mwenye jino moja la dhahabu. Lakini jina la Fundi nitakaa nalo, na mtaona kwa nini. Hapa ataitwa vile alivyoitwa na kila mtu, Fundi, kwa sababu alikuwa mpaka rangi wa kiwanda cha chai. Milango yote ya kiwanda ilikuwa ya kijani na mabomba ya mvuke yalikuwa mekundu, na hiyo kijani na hiyo nyekundu zilikuwa kazi ya mkono wake.

Alitoka upande wa ziwa, Nyakach. Mimi nyumba yangu ilikuwa, na iko hata leo, juu kidogo ya bwawa, kwenye kipande cha shamba alichoniachia marehemu mume wangu Kipng'eno. Nilichuma majani kwenye shamba kubwa, na jioni niliuza nyanya kwenye geti la kiwanda. Hapo getini ndipo tulipojuana.

Samaki waliokuwa bwawani waliletwa na wazungu zamani. Ni samaki mwenye mdomo mpana kupita kichwa, sisi tulimwita Mdomo tu. Mdomo hataki minyoo kama wale wengine. Anataka kufukuza. Kwa hivyo Fundi alichonga samaki wa mti, mrefu kama kidole cha kati, akamtia kulabu mbili tumboni na kijiko kidogo cha bati chini ya kidevu, ili akivutwa apige mbizi. Alimrusha mbali, akavuta, akavuta, akaacha. Vuta, vuta, acha. Hapo kwa kuacha ndipo Mdomo alipokuja.

"Samaki akikimbia, Mdomo anamwangalia tu," aliniambia. "Akisimama, anasema huyu amechoka, huyu ni wangu. Mimi nangoja pale pa kusimama."

Huyo ndiye mtu ambaye hakuweza kungoja kitu kingine chochote. Kanisani alitoka kabla ya matangazo. Chai alikunywa ikiwa moto mpaka machozi yakamtoka. Ukimsimulia habari ndefu alikumalizia mwisho, na mara nyingi mwisho wake haukuwa ule wako. Lakini bwawani angeacha ule mti ulale ndani ya maji mpaka mimi niliyekaa kwenye nyasi niwe nimesema sala yote ya asubuhi na kuanza kuwaombea majirani.

Rangi ndiyo ilimpa kazi. Kwa maji ya strungi nyepesi alitaka samaki mwenye tumbo la kung'aa, na alilifunika kwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Kwa strungi nyekundu alitaka dhahabu, karatasi ya peremende, kwa sababu alisema fedha kwenye maji mekundu inageuka jivu. Kwa maji ya maziwa alitaka mgongo mweusi kabisa na tumbo la machungwa au la njano kali, na mstari katikati kama umekatwa kwa kisu.

"Rangi moja kwa maji ya maziwa inapotea," alisema. "Ukiweka mbili zinazogombana, hata kipofu anageuka. Mdomo haulizi hii rangi inaitwa nani. Anauliza inaonekana ama haionekani."

Rangi za kiwanda zilikuwa nzito, zilimzamisha samaki. Kwa hivyo Fundi, mzee wa kwaya, alizunguka laini akiomba wasichana mabaki ya rangi ya kucha. Chebet wa kantini alimpa. Moraa wa ofisini alimpa. Jirani yangu Mary Chebochok, ambaye Mungu alimpa sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto, alisimama getini akauliza wote wasikie, "Jaduong', mzee wetu, hizo kucha unapaka za wapi?"

"Za mke wangu wa majini," Fundi akamjibu. "Anakusalimia. Anasema ukioga useme mapema, ahame."

Watu walicheka wiki nzima. Lakini mimi niliona alivyozipanga zile chupa ndogo kwenye ubao wa dirisha, na nikaona kwamba kila anaponiuliza "hii ni gani?" haulizi kwa kupiga gumzo. Alikuwa hajui.

Nilianza kujua kwa nyanya. Alikuwa akinunua nyanya kwa kuminya, moja moja, kama daktari. Nikadhani ni uchoyo. Siku moja nilikuwa na haraka, nikamwekea beseni mbele, zilizoiva na mbichi zikiwa zimechanganyika, nikamwambia ajichagulie. Naye kwa haraka yangu hakuminya, alichukua mbichi, kubwa kubwa, zote kijani. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata bahati. Nikaangalia nyanya, nikamwangalia yeye. Kisha nikamuuliza polepole, "Fundi, hiyo ni rangi gani?"

Akazirudisha kwenye beseni. Aliangalia nyuma kama kuna mtu.

"Mama Chepkorir, ukisema hiyo kitu, mimi nitalala wapi?"

Nikaelewa yote kwa mara moja. Nyumba ya laini ni ya kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Alikuwa na watoto shuleni, na mama mzee kule Nyakach ambaye mkewe Akinyi alikuwa amerudi nyumbani kumtunza. Na nani angemwacha mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani apake mabomba ya mvuke? Miaka yote Akinyi ndiye aliyekuwa macho yake. Alimpangia makopo jioni, akamwambia la kushoto ni hili, la kulia ni lile. Sasa Akinyi alikuwa mbali, na makopo ya kiwanda yalikuwa yamechakaa, karatasi zake zimeanguka.

Jioni ya kesho yake nilipita stoo ya rangi kiwandani nikiwa na kikapu changu. Nikafunga uzi kwenye mkono wa kila kopo, fundo moja kwa kijani, mafundo mawili kwa nyekundu, na getini nikamnong'oneza hesabu hiyo. Alipoanza kazi asubuhi alipapasa mkono wa kopo, akasimama kidogo, akaendelea. Jumamosi hiyo aliniletea Mdomo mzima, amefungwa kwa majani ya ndizi.

Sisi Wakipsigis wa umri wangu hatukulelewa na samaki. Nilimwambia, "Fundi, huyu ananiangalia."

"Mgeuze aangalie ukuta."

"Na hii mifupa?"

"Nyinyi watu wa mursik, maziwa ya kibuyu, mmezoea chakula kisichojitetea. Kula polepole."

Watoto walikula, nami nikajifunza. Jambo la kushangaza ni kwamba Fundi mwenyewe hakuonja hata mmoja. Alisema samaki wa maji ya chai hana ladha, ana ladha ya barabara. Yeye alikula omena, dagaa wa ziwa, aliyetumiwa kutoka nyumbani kwa gunia. Wale Mdomo aliwavua akawagawa wote, huyu kwa Moraa, huyu kwa mlinzi wa geti, huyu kwangu. Nikamuuliza basi unavua kwa nini. Akafikiri. Akasema, "Kule bwawani hakuna mtu ananiuliza hii ni rangi gani. Mimi ndiye nauliza."

Nilikwenda naye bwawani Jumamosi nyingi, na watu walisema waliyosema, mimi mjane na yeye mkewe yuko mbali. Chebochok alisema zaidi. Niliwaacha. Ningewaeleza nini? Kwamba ninakwenda kuangalia glasi?

Meneja mmoja alipenda kuvua, na alimruhusu Fundi bwawa lile kwa sababu ndiye aliyepaka boti zake na kibanda chake. Walivua bega kwa bega. Meneja alikuwa na sanduku la samaki wa plastiki wa rangi zote, na siku nyingine alishika kuliko Fundi, na Fundi alimpongeza kwa moyo. Tena alimwomba ashike wale wa plastiki, akawapapasa, akajifunza kutoka kwao jinsi ya kuweka uzito tumboni ili samaki asimame ndani ya maji badala ya kuelea. Hakuwa na kiburi cha kazi. Kitu kimoja tu alificha.

Sasa nifike kwenye nyumba yangu.

Mwaka mmoja niliteleza kwenye mistari ya chai nikiwa na kikapu kimejaa, nikavunjika mguu. Nililazwa hospitali Bomet, na Chepkorir binti yangu alikaa nami kunisaidia. Na wakati huohuo koito yake ilikuwa imepangwa, siku ya wazee wa upande wa kijana kuja kwetu kupatana. Walikuwa wanatoka mbali, Mulot, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kufika kwetu. Mimi nililala kitandani nikiwaza ukuta. Nyumba yetu ni ya mbao, na mbao zilikuwa zimekuwa kijivu kama mzee. Nilikuwa nimemwambia Fundi zamani kwamba siku moja nitaipaka kijani.

Tuliporudi, ilikuwa siku moja kabla ya wageni. Gari lilituteremsha barabarani, nikapanda kwa gongo, Chepkorir akinishika. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai. Chepkorir akasimama.

"Mama," akasema, "nyumba yetu imefanya nini?"

Kushoto kwa mlango ilikuwa kijani. Kulia kwa mlango ilikuwa maruni, maruni ya damu ya ng'ombe. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Hakuna tone lililoanguka, kona zote zilikuwa zimenyooka, madirisha yamezungushiwa nyeupe. Fundi alikuwa ameipaka Jumapili wakati watu wote wako kanisani, kwa mabaki aliyoyaomba ofisini kwa ruhusa, ili iwe zawadi. Makopo yale hayakuwa na uzi. Mimi mwenye uzi nilikuwa Bomet.

Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, koti lake la kahawia limefungwa vifungo vyote, anangoja nifurahi. Na uani walikuwa Chebochok, na Moraa, na arap Koros ambaye alikuwa msimamizi wa majengo ya kiwanda, mkubwa wa Fundi. Arap Koros ni jirani yangu, alikuwa amekuja kupanga viti vya kesho. Alikuwa ameweka mikono nyuma na kuangalia ukuta, kushoto, kulia, kushoto.

"Fundi," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Hebu niambie. Wewe, macho yako iko sawa?"

Fundi akageuka kuangalia ukuta. Nilimwona anautafuta. Alitazama upande huu na upande ule, na hakuona kitu kimebadilika, na hapo ndipo alipojua. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa peke yake namna ile. Akilini niliona ufunguo wa nyumba yake ya laini ukiwa mkononi mwa arap Koros. Niliona watoto wake wanne, Otieno, Awuor, Odhiambo na Adongo, na magodoro yao, nje.

"Mimi ndiye nilimwambia," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Ulimwambia apake rangi mbili?" Chebochok akauliza.

"Nilimwambia. Nilituma neno kutoka hospitali. Nyinyi hamuoni huu ukungu? Wageni wanatoka Mulot, hawajui hapa. Kijani peke yake ndani ya chai, watatuona wapi? Watapita waende mpaka Kimulot wakaolee huko. Rangi moja inapotea. Nilitaka mbili zinazogombana."

Arap Koros akaangalia ukuta tena. "Kweli zinagombana," akasema.

"Basi zitaonekana."

Chebochok akasema dawa za hospitali zimenipanda kichwani. Moraa akacheka. Arap Koros akaenda kuhesabu viti. Fundi alikuja akanishika mkono ule usio na gongo, akanisaidia kuingia kwa mlango, kati ya rangi zangu mbili.

Kesho yake ukungu haukuondoka. Wageni walichelewa, tukaanza kuwa na wasiwasi, kisha tukasikia sauti zao wakipanda. Mzee wao aliyetangulia, arap Bii, alipokaa na kupewa mursik, neno lake la kwanza lilikuwa hili: walikuwa wamepotea kule chini, hawaoni mbele wala nyuma, hadi mmoja wao alipoona kitu chekundu juu ya kilima, na kando yake kitu cheusi, akasema hicho ni nini, twende tuulize. Wakafika. Chepkorir ameolewa Mulot hadi leo, ana watoto wakubwa.

Mguu ulikaa kwenye plasta muda mrefu, sikuweza kuchuma. Kila Jumamosi Mdomo alifika mlangoni kwangu. Ilikuwa mvua ndefu, bwawa lote maziwa, na watu wengine walirudi mikono mitupu. Nyumba yangu ilikula. Yeye alikuja na glasi mpaka kitandani kwangu, akaniuliza ni strungi ama maziwa, akateremka tena bwawani na jibu. Hatukuwahi kuzungumza habari ya ukuta. Aliniuliza mara moja tu, akiwa ananipa mgongo, anafunga kamba ya kiatu. "Nikupakie tena?" Nikamwambia hapana.

Fundi alimaliza kazi yake kwa heshima, wakamchinjia mbuzi, arap Koros mwenyewe akasema hajawahi kuona mabomba yaliyopakwa vizuri vile. Akaenda kwao Nyakach. Nyumba yangu imebaki. Watoto wakitaka kuibadilisha nawaambia wapake rangi zilezile, kila moja mahali pake. Vijana wa bodaboda wanaitumia kuelekezana. Nashukia wapi? Shukia pale kwa rangi mbili.

Mwaka huu alikuja kunisalimia. Alikuja na mjukuu wake Achieng, msichana mkubwa anayesomea uuguzi, akimshika mkono; mimi aliniita Kogo, nyanya, kama wajukuu wangu. Tulikunywa chai, alikunywa ikiwa moto vilevile. Kisha akasema twende bwawani, ana samaki mmoja mfukoni. Tukateremka polepole, wazee wawili na binti mmoja.

Akachota maji kwa glasi. Akanipa.

"Mama Chepkorir. Ni strungi ama ni ya maziwa?"

Nikainyanyua kwenye mwanga. Macho yangu siku hizi yana wingu, daktari amesema nirudi nifanyiwe upasuaji.

"Fundi, usiniulize mimi," nikasema. "Kwangu dunia yote sasa ni maziwa."

Akacheka mpaka akakohoa. Achieng alikuwa anatuangalia.

"Kwaro," akamwita babu yake, "mbona unamuuliza Kogo? Si wewe ndiye ulikuwa fundi wa rangi?"

Fundi akaacha kucheka. Akaweka glasi kwenye nyasi. "Achieng," akasema, "mimi nyekundu na kijani sijawahi kuziona. Tangu nizaliwe. Kwangu ni kitu kimoja."

Alisema hivyo wazi, mchana, na mlinzi wa bwawa akiwa amesimama karibu. Nami, kabla sijafikiri, nikamkinga kama siku ile.

"Usimsikilize," nikamwambia Achieng. "Anazeeka, anasema ovyo."

"Mama Chepkorir, niache. Sina nyumba ya kunyang'anywa sasa."

Achieng alikuwa amegeuka anaangalia juu kilimani. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni, umeshafika kwenye chai ya juu.

"Kwa hivyo nyumba ile..." akaanza.

"Mimi ndiye nilimwambia," nikasema.

Fundi akaniangalia. "Hata leo?"

"Hata leo."

Hakubisha. Alitoa samaki wake mfukoni, mgongo mweusi, tumbo la machungwa, rangi ya kucha za Chebet imeanza kubanduka. Alimfunga kwa kupapasa, akarusha. Vuta, vuta, acha. Tukangoja hapo pa kuacha, kamba imelala juu ya maji. Akageuza kichwa upande wa kilima, bila kumwangalia mtu.

"Bado inaonekana?"

Nikatazama kwa macho yangu haya. Mlango sikuuona, wala dirisha. Niliona doa la rangi moja na doa la nyingine, zimekaa pamoja, zinagombana.

"Inaonekana," nikamwambia.